Pikapu Isiyouzwa

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto watatu, shamba la viazi na pikapu tuliyoinunua pamoja, kwa viazi hivyohivyo. Miezi miwili baada ya mazishi pikapu ikaanza vituko. Naipakia magunia nyumbani Njombe, inawaka bila shida. Nafika sokoni Makambako, nashusha mzigo, nazungusha ufunguo nirudi, inatoa "tak!" moja, basi. Taa zinawaka, honi inalia, injini haizunguki. Siku nyingine, palepale sokoni, inawaka mara moja utadhani nilikuwa naisingizia.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na jibu lake tayari.

"Shemeji, hilo gari linamlilia mwenyewe. Limekukataa. Tuliuze kabla halijakuua."

Mara ya kwanza aliyasema hayo kwa upole. Mara ya pili aliyasema mbele ya mama mkwe. Mara ya tatu akanitangazia kwamba ukoo utakaa kwake Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya ibada, kulimaliza jambo hilo, na kwamba mnunuzi ameshampata Wanging'ombe. Nilikasirika sana. Bila pikapu ningebaki kumsubiri mlanguzi aje shambani anipangie bei anayotaka yeye, na shemeji alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kwa mafundi nilikuwa nimeshakwenda. Wa kwanza alilaumu baridi ya Njombe, akabadilisha betri. Wa pili alibadilisha stata. Pikapu ikaendelea kugoma na betri yake mpya na stata yake mpya. Wapagazi wa sokoni wakawa wananisukuma huku upepo wa Makambako ukituvua kofia, na mmoja wao hakuchoka kuniambia, "Mama, nunua punda!"

Ni siku moja ya kusukumwa hivyo, nimeshika usukani na hasira zangu, ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema. Kwa nini nyumbani haigomi?

Sisi watu wa Njombe hatuegeshi gari, tunalitega. Mji wetu ni vilima vitupu, na asubuhi za baridi betri nyingi huamka zimekufa, kwa hiyo kila mtu hulaza gari lake mteremkoni, pua chini. Asubuhi unaachia breki, linateremka lenyewe, unatia gia ya pili, unaachia klachi, limewaka. Marehemu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyohivyo. Tumezoea mpaka hatuoni tena kama ni jambo la kutajwa kwa fundi. Makambako sokoni ni tambarare. Kumbe nyumbani nilikuwa sijawahi kuiwasha pikapu kwa ufunguo!

Jioni ile niliiegesha pale penye usawa kando ya jiko. Jirani yangu alipita na kuni zake kichwani, akasimama kunisalimu huku akinishangaa.

"Kamwene, mama. Leo gari umelilaza hapo, kesho utalitoaje?"

"Litatoka tu," nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika.

Siku nne mfululizo niliiwasha kwa ufunguo asubuhi, mchana na jioni, nikiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Iligoma mara tano, hapohapo Njombe, kwenye ua wa marehemu mwenyewe. Basi haikuwa upepo wa Makambako, wala haikuwa kilio cha msiba; ubovu ulikuwapo siku zote, mteremko wetu ndio uliouficha.

Siku ya tano nilimtafuta fundi mzee mwenye gereji njia ya Kitandililo, nikamsomea kalenda yangu. Hakucheka. "Mama, umeme ukienda kwenye stata lazima urudi kwenye betri. Wote wamekutazamia njia ya kwenda. Tazama ya kurudi." Akaniazima waya mnene, akaniambia siku ikigoma niunge hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini.

Iligoma Jumamosi. Nikaunga ule waya, nikazungusha ufunguo, ikanguruma. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikalala chini ya injini na tochi, nikaufuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, hadi kwenye boliti yake: imelegea, imeota kutu ya kijani. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikaikaza kwa spana kwa nguvu zangu zote na za marehemu.

Jumapili nilifika kwa shemeji ukoo mzima umeshakaa. Nikaegesha katikati ya ua, penye usawa, nikazima, nikamkabidhi ufunguo.

"Washa mwenyewe."

Aliingia, akawasha. Akazima, akawasha tena, mara nane au tisa. Haikugoma hata mara moja. Wazee wakaanza kucheka, mama mkwe akapiga makofi. Mimi nikasimama pale nikidhani nimeshashinda.

Shemeji akatoa kichwa dirishani, amefurahi kabisa.

"Safi sana. Limepona. Sasa hata bei itapanda."

Nilijiona mjinga. Wiki nzima nilikuwa natafuta ugonjwa wa gari, nikiamini ndio ugomvi wetu. Nikaenda mpaka mlango wa dereva, nikaufungua.

"Shuka."

"Shemeji, kikao hata hakijaanza."

"Likiwa bovu mnaliuza kwa ubovu, likipona mnaliuza kwa uzima. Basi si gari mnalotaka kuliondoa, ni mimi. Mwambie mtu wako wa Wanging'ombe haliuzwi. Shuka, kesho nina viazi vya kupeleka Makambako."

Shemeji aliukamata usukani kwa muda, akiwatazama wazee, na wazee wakitazama chini. Sikusogea. Mwishowe aliuacha ufunguo kwenye swichi, akajiburuta juu ya kiti hadi upande wa abiria, akashukia mlango ule, ili asipite mbele yangu.