Kuku Niliyempa Jjajja wa Luzira

Wadogo zangu, mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyokosea. Mnajua niliishia shule ya msingi, na kalamu yangu hutembea polepole. Nanyi someni polepole, mtanielewa.

Nataka mjue Krismasi yangu ya kwanza hapa Kampala ilikuwaje. Siku ile sikutoka kwa ajili ya chakula tu. Bweni la chuo chetu cha kushona, hapa Nakawa, lilikuwa linafungwa kesho yake mpaka masomo yaanze tena, na kila mwanafunzi huenda kwao. Kwetu barabara haipitiki kwa sababu ya vita, hilo mnalijua kuliko mimi. Mwalimu wetu, Madamu Nakato, akaniambia, "Mama yangu ana chumba. Lakini hampokei mtu kabla hajakula naye. Njoo Krismasi, atasema mwenyewe." Alimwalika pia Achol, mwenzangu kutoka Sudani Kusini. Achol ana shangazi mjini, kwa hiyo yeye alikwenda kula tu.

Asubuhi, baada ya ibada, tulishika barabara ya Port Bell kwa miguu. Malori hayakuwepo, na harufu ya nyama ilitoka kila ua. Achol akanifundisha kusalimu kama wasichana wa Kiganda, kwa magoti. Nikajaribu pale pale kando ya barabara. Kijana wa bodaboda akasimama.

"Dada, umeanguka?"

"Hapana," Achol akamjibu. "Anaomba chumba."

Luzira tulipita ukuta mrefu wa gereza, ziwa likaonekana chini, na mabehewa ya treni yakingoja kupakiwa melini. Ziwa lao halina milima ng'ambo kama letu. Linaishia mbinguni tu. Nyumba ya Jjajja, ndivyo wanavyomwita bibi hapa, iko mteremkoni nyuma ya migomba. Marehemu mume wake alikuwa askari, kwa hiyo anasema Kiswahili cha kambini. Nikapiga magoti, na salamu yote ikanipotea.

"Huyu iko na sauti?" akamuuliza Madamu.

"Anayo, mama. Ni aibu tu."

"Aibu hapana shibisha mtu. Kaa."

Mchana tulikaa mkekani, tukanawa mikono. Madamu akaleta matooke, yaani ndizi zilizopondwa, zikitoa mvuke ndani ya majani yake. Kisha kila mtu akapewa kifurushi chake cha jani la mgomba. Hiyo ndiyo luwombo. Hupikwa kwa mvuke tangu alfajiri, na mwenyewe ndiye anayefungua. Ndani ya changu mlikuwa na paja zima la kuku, na mchuzi unaonukia moshi. Achol hakumngoja mtu.

Mimi nikatazama sahani ya Jjajja. Mchuzi wa karanga, basi. Nikafikiri kuku hakutosha, na mama huyu amejinyima kwa ajili yetu wageni. Ninyi mnajua tulivyolelewa: mtoto hali mnofu huku mzee anakula mchuzi. Nikalichukua lile paja kwa mikono miwili, nikaliweka katikati ya karanga zake.

Hakuna aliyetafuna tena.

"Ee, umefanya nini?" Madamu akaninong'oneza. "Mama hali kuku. Zamani wanawake wa Kiganda walikatazwa, kuku alikuwa wa wanaume. Sisi tunakula, lakini yeye hajaonja tangu azaliwe."

Nikajua chumba kimekwenda. Nilijiona nimekalia mfuko wangu nje ya lango la bweni, sina pa kuelekea.

Jjajja akalitazama paja, akanitazama mimi.

"Weye nataka mimi nakuwa mwanamume saa hii? Na meno hii?"

Achol akacheka wa kwanza, kisha Madamu. Mimi nilitazama mkeka.

"Kwa nini napa mimi?"

"Niliona huna nyama, Jjajja."

"Nani nalea weye?"

"Bibi yangu."

Akaitikia kwa kichwa. Madamu akambadilishia mama yake sahani, na paja likarudi kwangu. "Kula," Jjajja akasema. "Yote. Mimi naangalia."

Nikala, akiangalia kweli. Nilipomaliza alisema na binti yake kwa Kiganda. Madamu akatabasamu. "Ukalete mfuko wako kabla ya giza. Ila kumenya matooke sasa ni kazi yako."

Jioni tulirudi Nakawa kuuchukua. Sikumbuki kama miguu iliniuma. Achol alibeba godoro kichwani akinitania njia nzima, na mimi nilikuwa nacheka, mimi ambaye mnajua sicheki kirahisi.

Sasa ninaandika nikiwa chumbani kwa Jjajja, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Nimejifunza kwamba kabla ya kumhurumia mtu ni vizuri kumuuliza kwanza. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kukosea mila ya watu na bado wakamwelewa.

Tafadhali niandikieni, hata mistari michache. Mniambie sahani ya bibi yetu huko nyumbani ilikuwa na nini Krismasi hii, na nani alimpakulia.