Wa Nyotani na Baba Yangu

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, ofisini kwetu Dodoma kazi kubwa ilikuwa kusubiri. Serikali ilikuwa inapunguza watu na hakuna aliyejua nani atafuata. Masijala, nilikokuwa karani, karatasi zilikwisha, utepe wa mashine ya chapa ukakauka, tukabaki kutazamana. Ndiyo maana habari ya viumbe wa angani ilitukolea vile. Mtu mwenye kazi za kufanya hakai asubuhi nzima akibishana juu ya wageni ambao hata safari hawajaanza.

Ililetwa na gazeti, mojawapo ya yale magazeti mapya ya watu binafsi yaliyokuwa yakitandazwa chini pale sokoni Majengo, jirani na mafungu ya nyanya. Liliandika kwamba wataalamu wa Ulaya wametega mitambo kusikiliza nyota, na siku yoyote wanaweza kunasa sauti ya viumbe wenye akili kama sisi. Siku yoyote! Basi tukaanza.

Mwenzangu wa meza ya pili, Mwislamu wa Kondoa, hakutikisika. "Sisi hilo halitusumbui," alisema. "Majini tunawajua miaka yote. Si watu, akili wanazo, na kati yao wamo waumini na wamo makafiri. Hao wako nao wakija tutawauliza tu wanaswali wakielekea wapi." Mpiga chapa wetu, dada aliyekuwa ameokoka mwaka uleule kwenye mikutano ya uwanjani, alipandisha sauti: hayo ni mapepo, hakuna cha sayari wala nini, yakitokea ni kuyakemea. Mhudumu wa chai, Mgogo mwenzangu asiyekwenda kanisani wala msikitini, aliweka birika chini akasema sisi wote tunaanzia mwisho. Mgeni kwanza anaulizwa ukoo wake na mwiko wake, asije akalishwa kitu kisicholiwa kwao. Dini itazungumzwa akishashiba.

Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyeshinda shambani. Uchovu wa kutofanya kitu, jamani, mbaya kuliko wa jembe.

Na nyumbani alikuwapo mama. Nilimtoa kijijini, njia ya kwenda Mtera, miguu ilipomkatalia. Alikuwa amebatizwa uzeeni, baada ya baba kufa, akaishika dini kwa ukali kweli kweli. Ukisahau kuomba kabla ya kula, sahani anakuondolea. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, majina yao husomwa kanisani, na kila Novemba mama alinituma kwa katekista na jina la baba. Katekista jibu lake lilikuwa moja: "Huyo hakubatizwa. Tunasoma wa kwetu."

Narudi na jua lile na vumbi lile, namweleza mama, naye ananuna na mimi kana kwamba ndiye niliyekataa.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia kama ulivyonituma."

"Hukusema vizuri. Wewe husemi vizuri."

Nilichoka, nasema kweli. Nilimchoka katekista, nilimchoka mama, na Mungu anisamehe, nilimchoka hata baba huko aliko. Nilijua kwa nini hakubatizwa. Kijijini kila mtu alisema alipenda pombe ya uwele kuliko kanisa, nami sikuona sababu ya kubisha. Nikawa najiuliza mwanamke huyu anahangaika nini na mtu aliyejichagulia mwenyewe. Lakini kwake lilikuwa jambo moja tu duniani. Aliogopa kwamba akifa ataingia mahali ambapo mumewe hayupo, na jina lile likisomwa angalau mara moja, basi huko juu watajua kuwa ana mtu wake.

Novemba hiyo zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Majirani tuliokuwa tukisali pamoja nyumba kwa nyumba walijaa sebuleni hadi barazani, na safari hii padri alikuja mwenyewe, kijana bado, amekonda kwa kesi za ndoa na michango ya paa la kanisa. Katekista alikaa kando yake. Tuliposali tukamaliza, padri akauliza kama kuna mwenye swali, macho yakimwomba Mungu pasiwe na swali. Mwanachuo mmoja aliyepanga nyumba ya jirani akasimama. Naye alikuwa amelisoma lile gazeti.

"Padri, hao viumbe wakigunduliwa kweli, dini yetu itakuwaje? Kristo hawamjui. Ubatizo hawana."

Padri alichangamka ghafla. Nadhani ilikuwa mwaka mzima hajaulizwa kitu kisichohusu paa. Alisema kama wapo, aliyewaumba ni yuleyule aliyetuumba sisi, na hawezi kuumba watu akawasahau. Alisema hatujui amesema nao nini huko kwao, wala kwa njia gani. Ubatizo ni mlango tuliopewa sisi tuuingie. Hatukupewa ufunguo wa kuwafungia wengine. Watu wakafurahi. Mama mmoja akauliza zaka watatoa kwa fedha ya wapi. Mwingine akataka kujua kama huko kwao kuna maji, maana hapa Dodoma ya kunywa tu ni shida. Hata katekista alikuwa anatikisa kichwa kukubali. "Kweli kabisa," akasema. "Mungu hana mipaka."

Mama alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, anabambua karanga. Akaacha.

"Katekista. Hao wa nyotani wamebatizwa?"

"Hapana, bibi, ndiyo tunayosema..."

"Wana mke mmoja mmoja?"

Watu wakacheka. Katekista naye akacheka. "Hiyo haijulikani, bibi."

"Hamjui wake zao wangapi. Hamjui kama wana kichwa. Na mlango mmeshawafungulia. Mume wangu mnamjua. Alikuwa anakaa hapo tu njia ya Mtera, na kichwa alikuwa nacho. Yeye mnamfungia kwa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza, lakini jioni ile hakukosea hata neno.

Katekista alikuwa mtu wa sheria, wala hakuwa mjinga. "Ni tofauti, bibi," alisema taratibu. "Hao hawajaitwa. Mzee wako aliitwa, akakataa."

Hapo padri akamgeukia mama. "Alikataa kwa nini?"

Nikainamisha kichwa kuisubiri ile pombe ya uwele.

"Hakukataa," mama alisema. "Alisoma mafundisho akamaliza. Ilibaki wiki ya kubatizwa. Padri wa wakati ule akamwambia, una wake wawili, mkubwa abaki, mdogo umrudishe kwao. Mdogo ni mimi. Huyu hapa," akaninyooshea kidole kimejaa maganda ya karanga, "alikuwa mgongoni. Baba yake akasema, mimi sitoi mtu nje ili niingie ndani. Akarudi nyumbani. Hakwenda tena."

Sikujua. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nina mvi, na sikujua. Miaka yote ile nilimhesabu baba yangu kuwa mlevi aliyeshindwa na kata ya pombe, kumbe alibaki nje kwa sababu yangu na mama. Nililia mbele za watu, tena kwa sauti. Halafu nikamkasirikia mama. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," alisema, akachukua karanga nyingine.

Padri alipanguza miwani kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Bibi, Jumapili nitalisoma mimi mwenyewe."

"Padri, utaratibu..." katekista akaanza.

"Mzee wangu, nusu saa nzima hii tumewatetea watu ambao labda hawapo. Huyu alikuwepo."

Jumapili miguu ya mama ilikuwa imevimba, nikaenda peke yangu misa ya kwanza. Marehemu walikuwa wengi kupita kiasi. Padri alisoma kwa sauti iliyochoka, watu wakikohoa, watoto wakitolewa nje. Jina la baba likapita katikati ya majina mengine, upesi, bila kengele wala nini, jina la mtu kama mtu mwingine. Katekista aliinamisha kichwa. Sikujua anaomba au amekasirika.

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa na furaha, lakini zaidi nilikuwa nimechoka, nataka uji na kitanda tu. Mama alikuwa amekaa palepale mlangoni.

"Limesomwa?"

"Limesomwa, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Kanisa zima limesikia."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga. Nikashusha pumzi. Nikaketi kwenye kigoda nianze kuvua viatu.

"Na mama yako mkubwa?" akasema.

"Mama mkubwa kafanya nini?"

"Naye alikufa hajabatizwa. Yeye walimtaka. Walimwambia, wewe ndiye mke, njoo na mumeo, huyu mdogo akiondoka nyumba yote yako." Mama alinitazama usoni. "Ni yeye aliyemwambia baba yako, ukimtoa huyu na mtoto, na mimi unitoe niende zangu."

Nikamwangalia. Mama mkubwa, mkali yule, aliyekuwa akinisuka huku ananifinya. Nilikuwa nimechoka, Mungu anajua.

"Misa ya pili saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa nne."

Nikafunga kamba za viatu, nikatoka.