Bamba la Kilo Saba

Mkanda haukukatika. Kaka yangu alitupwa nje ya gari akiwa bado amefungwa kwenye kiti, na kiti kikiwa bado na bolti zake nne. Kilichoachia ni sakafu. Tulimkuta katikati ya mikonge, yeye na kiti chake, hatua kama ishirini kutoka gari liliposimama. Alikuwa na fahamu. "Sisikii miguu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Gari lile tulilitengeneza uani kwa mama, Ngamiani, kwa mwaka mzima na zaidi. Lilikuwa teksi ya zamani iliyotelekezwa karibu na ufuo mpaka chumvi ikaila chini. Injini tuliitoa kwenye gari la abiria lililopinduka. Kiti na mkanda tulivipata kwa muuza vyuma chakavu. Kaka alikuwa fundi magari, mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Mimi ni karani wa mizigo bandarini: mzigo ukitajwa, natia alama daftarini. Kwa hiyo daftari la gari likawa kazi yangu.

Mbio zenyewe ni fupi. Magari mawili hukimbia sambamba kwenye mstari ulionyooka, na nusu dakika haiishi kabla mshindi hajajulikana. Zilifanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ndani ya shamba la mkonge lililokufa. Wenzetu walinunua nguvu. Sisi hatukuwa na uwezo huo, tukaamua kupunguza uzito. Kila tulichokitoa tulikipima kwa mizani ya mjomba, muuza nafaka: vioo, viti vya nyuma, zulia, tairi la akiba.

"Vioo hamna, viti hamna," mama alisema siku moja akipita na ndoo. "Mwataka kupakia majini?"

"Majini hawana uzito, mama," kaka alimjibu kutoka chini ya gari. "Hao ruhusa."

"Audhubillahi! Shauri yenu."

Kitu kimoja tu tulikusudia kukiongeza. Sakafu chini ya kiti cha dereva ilikuwa imeoza kwa kutu, nikiichoma kwa bisibisi inapenya. Nilimwonyesha kaka. Akakata bamba la chuma kutoka kwenye kitoroli kibovu cha reli ya mkonge, akalitoboa matundu manne. Lilitakiwa likae chini ya sakafu, nati zikazwe juu yake, ili kiti kishikwe na chuma kizima. Nikalipima.

"Kilo saba!" alilalamika. "We karani, huyo si mbuzi kabisa?"

Hadi hapo kiti kilikuwa kimeshikizwa kwa nati na wosha tu, vile vipete vyembamba vya chuma, kwa majaribio. Kulifunga bamba si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukaa ndani akashikilia vichwa vya bolti kwa spana, mwingine hulala chini ya gari akakaza nati. La sivyo vyote viwili huzunguka pamoja. Alhamisi, kabla ya alasiri, kaka alikaa ndani na mimi nikalala chini. Nilifungua nati. Kutu ikanimwagikia machoni, nikatoka kwenda kunawa. Nikiwa bombani adhana ikaadhiniwa. Nikarudi chini ya gari, tukakaza. Nazikumbuka nati zote nne na ugumu wa ile ya mwisho.

"Bamba?" kaka aliuliza akiwa juu.

"Tayari."

Nikatoka, nikafuta mikono, nikatia alama. Lakini kulinyanyua bamba lenyewe, kulishikilia juu ya uso wangu kwa mkono mmoja huku nikitafuta matundu, hilo silikumbuki.

Jumapili asubuhi, mbioni, kaka akiwa kwenye usukani, tairi la mbele lilipasuka gari likiwa kwenye mwendo wake wote.

Siku ya pili nilirudi nyumbani kumchukulia shuka za kutumia hospitali. Bamba lilikuwa uani, limeegemea pipa la maji.

Kaka hakumbuki chochote cha wiki ile. Nilipomwambia nililoliona, alikaa akitazama dari. "Nitakuwa nimelitoa mimi Jumamosi," alisema. "Najijua mie. Kilo saba zisingeniacha nilale." Mama alisikia, shangazi akasikia, na hiyo ndiyo ikawa habari yenyewe. Wanaokuja kumjulia hali humwonea huruma, na wakifika mlangoni husema alijitakia. Mimi sikuongeza neno. Daftari linaniunga mkono: bamba, kilo saba, alama.

Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Hukaa barazani akitengeneza pasi na feni za watu. Jumanne, baada ya chai, alikuwa anafungua mguu wa meza, bolti na nati zikawa zinazunguka pamoja. Akaniita nishike kichwa cha bolti. Nikashika. Akazungusha spana mara mbili, kisha akaacha.

"Mdogo wangu," alisema, "Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

"Zamu. Bandarini."

"Sasa bolti alinishikia nani?"

Niliendelea kushika kichwa cha bolti ya meza.

"Daftari lako unalo?"

"Ninalo."

"Niletee nilione."

Leo ni Ijumaa. Daftari liko juu ya kabati la vyombo, mahali asipoweza kufika, na bado sijampelekea.