Liache Likae

Nakumbuka wiki nzima niliyolifunika gari langu turubai uani, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Leo nakasirika zaidi, maana nimeliona hilo la kwako ulilokuja nalo jana, tumbo limekaribia kugusa lami, na nilipokuuliza fundi kakuambiaje ukanijibu, "Kasema liko poa."

Enzi zile za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, wafanyabiashara binafsi walianza kununua korosho huku kwetu, nami nikawa mmoja wao pale Kibiti. Nikapata gari dogo la mtumba kutoka Japani. Kijana mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikuwa nimeyaona magari ya Dar es Salaam yaliyoshushwa kwa springi fupi yakawa karibu na ardhi, nikataka na la kwangu liwe hivyo, kwenye barabara ya mchanga na mashimo. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamwitaje?

Fundi Selemani, mzee mmoja Mndengereko asiyependa maneno mengi, alinikatalia mara mbili. Ya tatu akachoka na mimi, akatoa springi za zamani akaweka fupi. Aliponikabidhi ufunguo akasema, "Liache likae wiki moja, halafu uniletee nikaze nati tena." Nikaitikia. Sikuuliza likae vipi. Nikaliegesha uani, nikalifunika, nikawa nalifuta vumbi asubuhi na jioni na kufukuza kuku wasilisogelee. Nilijiona mvumilivu kweli.

Siku ya saba ikaja habari kwamba mama mdogo, mdogo wake mama yangu aliyeolewa Mafia, yu mahututi na anamuulizia dada yake. Boti ya kuvukia Mafia ilikuwa iondoke bandari ya Nyamisati mchana, maji yakijaa. Asubuhi ile kulikuwa na lori linakwenda huko kufuata boriti za mikoko, na dereva alishampa mama nafasi mbele. Alikuwa amekwisha kukaa, kikapu mapajani. Mimi nikamteremsha. Nikasema mama yangu hapandi lori la boriti na mwanawe ana gari. Nati zitakazwa nikirudi. Tulipopita gereji ya Selemani alinyanyua mkono kunisimamisha; nikadhani ananisifu, nami nikampungia.

Hatukufika mbali. Kila shimo gari lilizidi kushuka, matairi yakaanza kusugua madigadi, kisha nati moja ikachomoka na gurudumu la mbele likalala upande. Tukakaa mchangani, jua kali, mama kajifunika kanga. Gari lililotukuta pale ni lile lile lori, linarudi limejaa boriti. Dereva akatuambia boti imeshaondoka. Mama akarudi nyumbani kwa lori nililomteremsha.

Selemani alikuja kulitazama gari. Nikamwambia kwa ukali kwamba nililiacha wiki nzima kama alivyotaka. Akauliza nililiacha wapi. Nikamwambia uani. Akaweka spana chini.

"Nilisema likae, sikusema liegeshwe," akasema. "Springi hukaa mahali pake gari likitembea, polepole, na mzigo kidogo. Wewe umezilaza."

Boti nyingine iliondoka baada ya siku mbili. Tulipofika Mafia, mama mdogo alikuwa ameshazikwa. Mama hakunigombeza. Tulipotoka makaburini aliniambia jambo moja tu: "Ungesema halijawa tayari, ningekwenda na lori." Hakulirudia mpaka alipofariki, ila mimi nalisikia hadi leo.

Basi usiniambie liko poa. Rudi kwa huyo fundi wako umuulize likae vipi, kwa siku ngapi, na nati zikazwe lini, na umuulize hata kama atakuona mshamba. Umesema kesho unampeleka mkeo kliniki Mchukwi. Kama gari halijakaa, mwambie hivyo hivyo, halijakaa, kisha mtafutie usafiri mwingine. Atakucheka kidogo, mtafika, yataisha. Ya kwangu hayakuisha, nimezeeka nayo.

Haya, nenda. Mungu akulinde barabarani, mwanangu, na kila anayekungoja umkute angali anakungoja.