Vienna ya Chumba cha Nyuma

Mwezi uliopita nilifika Vienna kwa mara ya kwanza. Kwa hesabu ya ukoo wetu hiyo ilikuwa mara ya pili, na ndugu zangu wote watakuapia hivyo, lakini mimi na wewe tuambiane ukweli: ilikuwa ya kwanza. Nilisimama mbele ya kanisa lao kuu, lile lenye paa la vigae vya rangi rangi, nikamwambia mume wangu, "Tushike barabara hii, mwisho wake tupinde kushoto, tutatokea kwenye kasri la wafalme." Hakuamini. Tukatokea. Akaniuliza nimejuaje, na simu yangu iko mkobani. Nikamwambia nilisoma mahali. Mume wangu ni mtu wa moyo mweupe, tumelea watoto pamoja, na bado nilishindwa kumwambia. Uso uliniwaka katika baridi ile kama mtoto aliyefumaniwa. Basi wacha nikuambie wewe.

Tulikuwa tukikaa Al Hail, pembeni mwa Maskati, si mbali na bahari, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ukuta mweupe na mlango wa jikoni unaotazamana na wa jirani. Watu wetu walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili, skuli Kiarabu, na ugomvi ni lugha yoyote iliyo karibu. Bibi, mama yake Baba, alikaa Mawaleh pamoja na Shangazi, dada yake Baba, karibu na soko kuu la matunda. Harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi na vitunguu iliingia mpaka sebuleni, na sisi watoto tulijua Ijumaa imefika kwa harufu hiyo. Siku ya Ijumaa ukoo mzima ulikula huko: wali wa nazi, mchuzi wa papa, pilipili ya kuponda ambayo Shangazi peke yake ndiye aliyeiweza. Kisha halwa na kahawa. Na baada ya kahawa, Ami, kaka yake Baba, akitoa picha.

Ami alikwenda Ulaya kila msimu wa joto. Wewe unalijua joto la Maskati. Mwenye uwezo hulikimbia, na kuanzia mwezi wa tano watu hawaulizani kama mnasafiri, huulizana mnakwenda wapi. Baba alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Jibu lake lilikuwa "Inshallah mwakani," na alilitoa miaka mingi mpaka binamu zangu wakawa wanalitamka pamoja naye, wakicheka. Naye akicheka. Mimi nilikuwa natazama sahani yangu.

Mwaka mmoja Ami alipouliza, Baba akasema, "Vienna." Hivyo tu, huku akimenya chungwa. Alisema kabla viza haijatoka, na hilo ndilo kosa lililotufikisha tulikofika. Bibi hakujua Vienna iko upande gani wa dunia, lakini kabla ya Jumapili walikuwa wameshajua wauza vitunguu wote wa Mawaleh. Watu wakaja kutuaga. Bibi akatukaangia visheti debe zima, tusije tukafa njaa huko kwa watu wasiojua kupika. Halafu pasipoti zikarudi, hazina viza. Kwa nini, sikuambiwa. Mtoto haambiwi mambo hayo.

"Tuwambie tu," Mama alisema. "Kukataliwa viza si dhambi."

"Mama'ngu keshatangaza soko zima," Baba akajibu. "Nimtazame vipi?"

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Gari Baba aliipeleka gereji huko Ghala, ipigwe rangi, isionekane nyumbani. Teksi ikaja asubuhi, mtaa mzima unatupungia mkono, masanduku yamejaa nguo za baridi za kuazima. Ikatuzungusha mjini, ikaturudisha adhuhuri, saa ambayo mwezi wa nane hata mbwa hatoki nje. Tukaingia kwa mlango wa jikoni, mmoja mmoja.

Kulikuwa na kiyoyozi kimoja tu tulichoweza kukiwasha, cha chumba cha nyuma, kwa sababu mashine za vile vingine zilikaa upande wa barabara na zingenguruma. Kwa hiyo sote wanne, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu wa kike, tuliishi katika chumba kile, mablanketi yametundikwa madirishani. Taka zilikaa jikoni zikinuka. Simu ya mezani ilipolia tulikaa tukiitazama mpaka inyamaze. Mdogo wangu alikatazwa kucheka kwa sauti, na ukimkataza mtoto kucheka ndiyo unampa sababu.

Na sasa nikuambie jambo ambalo naona haya kulisema: sijapata likizo nzuri kama ile. Kila siku baada ya alasiri Baba alitandaza zuliani ramani aliyopewa na watu wa tikiti, akavaa miwani, akasema, "Haya, leo tunatembea." Tulitembea kweli. Alikuwa amesoma kila kitu, ili tuwe na majibu tukiulizwa. Alitupeleka kasri la manjano la nje ya mji, akatueleza bustani zake. Alitupandisha lile gurudumu kubwa la bembea, mdogo wangu akafumba macho kwa hofu huku amekaa juu ya mto wa kulalia. Alitupitisha kwenye farasi weupe wanaofundishwa kucheza. Mama siku za mwanzo alinuna, amegeukia ukutani; siku ya tatu akaanza kulalamika kuwa viatu vinambana na kwamba keki za huko ni ghali, na Baba akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanzu. Baba huyu sikuwa namjua. Baba niliyemjua alikuwa akirudi kazini amechoka, anasoma gazeti.

Siku moja wakati wa kusali nikamuuliza, kwa nia safi kabisa, "Baba, sisi ni wasafiri. Tunapunguza sala?" Alikuwa ameshasimama kwenye msala. Akasema bila kunigeukia, "Hapana mama. Hapo tunasali kamili." Masikio yake yalikuwa mekundu. Ijumaa iliyofuata adhana ilisikika kutoka msikiti wa mtaani kwetu, ambao Baba hakuwahi kuukosa, naye akakaa kitandani ameshika kofia yake mkononi mpaka watu walipotoka.

Kumbe kulikuwa na mtu anayejua tangu siku ya kwanza. Jirani wa upande wa jikoni alikuwa mama mmoja wa ukoo uliotoka Tabora. Mama alipenda kumcheka kwa Kiswahili chake cha bara, kwamba anazungumza utadhani anasoma taarifa ya habari. Maji ya kiyoyozi chetu yalidondokea upande wake, na paka wote wa mtaa wakawa wanakuja kunywa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Siku ya nne tulikuta mlangoni sahani imefunikwa: ugali, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi. Hakugonga. Mama alikaa sakafuni jikoni akalia kwa aibu, na Baba akasema isiguswe. Mama akaiingiza. Tukala, maana tulikuwa tumechoka na mikate na jibini ya kopo. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, basi Mama akaiosha, akaijaza visheti vya Bibi, akaiweka pale pale. Wakaendelea hivyo, wanawake wawili wasiosemeshana.

Mpaka siku ile aliposema. Ilikuwa alasiri, tumo kwenye ramani, tunavuka mto. Tukasikia ufagio nje ya dirisha, na juu ya ufagio sauti ya jirani, kubwa kuliko kawaida, akizungumza na mtu asiyekuwepo: "Jamani maskini, yule bibi wa Mawaleh amelazwa hospitali tangu juzi! Homa kali. Na watoto wake wamesema huyu wa hapa asiambiwe, wasimharibie safari yake." Akafagia kidogo. Akarudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi.

Baba alisimama juu ya ramani. Sitasahau alivyokuwa: kikoi, fulana, miwani imemteremka puani. Alitazama mlango, akatazama sisi. Kama angekaa, hakuna ambaye angejua kamwe. Baada ya siku chache tu tungekuwa "tumerudi". Mama akamwambia kwa upole ambao hakuwa nao wiki nzima, "Nenda. Nenda na mtoto, usiwe peke yako." Baba akavuta kanzu kutoka sandukuni, imejikunja vibaya, akaivaa juu kwa juu, akatoka kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele, mchana kweupe, na mimi nyuma yake. Jirani alikuwa keshawasha gari. "Pandeni," alisema, na njia nzima hakusema neno jingine.

Chumbani hospitali alikuwepo Ami, keshatoka Ulaya yake ya mwaka ule, na alikuwepo Shangazi ameshika bakuli la uji na kitambaa. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. Alimtazama Baba usoni, akaiona kanzu, akashuka mpaka miguuni, na hapo na mimi ndipo nilipoona kuwa Baba amekuja na ndara za chooni. Nilitamani ardhi inimeze. Ami akafungua mdomo. Shangazi akamgusa mkono, mdomo ukafungika.

Bibi akafumbua macho. "Ewe mwanangu. Umekuja? Umetoka huko huko Ulaya?"

Baba akapiga magoti, akambusu mkono. "Nimekuja, mama."

"Umeacha starehe zako kwa ajili yangu?"

Baba akaficha uso shukani. Mabega yalikuwa yakitikisika, na Bibi akadhani ni huruma. Akamshika kichwa.

"Basi usilie. N'hadithie. Kuzuri?"

Na Baba akamhadithia. Akiwa amepiga magoti na ndara zake, alimtembeza mama yake Vienna yote, barabara kwa barabara, kanisa, kasri, farasi, mto. Ami aliinamisha kichwa. Shangazi akaendelea kupoza uji kwa kijiko, akisikiliza. Mimi nilisimama mlangoni nikiona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, kwa sababu kila alipofika nilipajua na nilikuwa nikipapenda.

Bibi akapona, alhamdulillahi, akaishi miaka mingi. Na hapo ndipo adhabu ilipoanza, maana hakuchoka kusimulia. Homa haihesabu masaa. Kwake yeye mwanawe alisikia mama mgonjwa, akaruka kutoka Ulaya, akatua kitandani pake. Kila mgeni aliambiwa. Kila mwenye mtoto mtundu aliambiwa zaidi. "Wangapi wana mwana kama huyu?" Shangazi alikuwa hapo hapo, anampaka mafuta miguu. Yeye ndiye aliyekesha naye hospitali siku zote zile, ndiye aliyemuogesha, ndiye aliyekataa wachumba ili asimwache peke yake. Bibi akimwonesha kwa kidole, bila ubaya, akisema, "Huyu yupo tu hapa." Baba alipoisikia hadithi inaanza aliinuka kwenda kunawa mikono, hata kama hajala. Hakuzungumza tena habari ya mji wowote. Ile ramani sikuiona tena, na chokoleti alizokuwa amenunua ziwe sogha, zawadi za msafiri, Mama aliwapa watoto wa jirani.

Leo soko la Mawaleh limehamishwa, na Ijumaa haina harufu. Nyumba yetu ya Al Hail imevunjwa, pamesimama jengo la fleti lenye mabalkoni ya vioo. Jirani alihamia kwa mwanawe, na Mama, ambaye hakumcheka tena Kiswahili chake, alimwombea mpaka siku yake ya mwisho. Kujificha kama tulivyojificha hakuwezekani sasa, simu ingetutaja kabla ya magharibi, na sisemi kwamba hilo ni hasara. Ninalolililia ni sitara. Watu wale watatu, Ami na picha zake, jirani na ufagio wake, na Shangazi, walikuwa na maneno ya kummaliza Baba, na wote waliyameza. Siku hizi mtu akijikwaa tu, kundi zima la ukoo limeshapata video.

Bibi alipofariki, matanga yalikuwa nyumbani kwa Shangazi. Upande wa wanawake alikuja mama mmoja nisiyemjua, aliyewahi kulazwa hospitali kitanda cha jirani na Bibi, akaanza kutusimulia. Jinsi marehemu alivyokuwa na bahati ya mtoto. Jinsi yule mwana alivyoacha Ulaya yake akaja mbio, hata kuvaa viatu hakukumbuka. Wanawake wakatikisa vichwa, wengine wakalia upya. "Watoto kama hao siku hizi hawapo," akasema.

Shangazi alikuwa akizungusha kahawa. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa miaka ya sabuni na maji ya moto. "Ee," alisema, "alikuja siku ile ile aliyosikia."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, na nilikuwa na ulimi. Ningeweza kusema: mnayemsifu siye, aliyemlea marehemu ni huyu anayewamiminia kahawa. Lakini kusema hivyo kungemvua Baba nguo mbele za watu, na nguo hiyo ni Shangazi mwenyewe aliyemfunika nayo, kwa kulipa haki yake yote. Akanitazama. Alijua ninachotaka kusema, na alinikataza kwa macho. Nikainuka, nikapokea trei ya vikombe mikononi mwake, nikamwambia akae kitako apumzike, nikaenda kuviosha.