Bakuli Jeupe la Mama Ramazani

Enzi zetu kule Lusangi, bakuli la jirani halikurudi tupu. Ninyi mliogombania ukoko wa wali mnanielewa. Watoto wa leo wataniomba kwanza niwaeleze ukoko ni nini.

Mama yangu alikuwa bahili wa mambo ya nyumbani, na hakuona haya kuitwa hivyo. Sabuni aliikata kwa uzi, vipande vidogo, na aliyesahau kipande chake mtoni alikuwa na kesi. Taa ilizimwa mara tukimaliza kula. Hadithi, alisema, zinaingia kwa masikio. Pumba za mpunga zilikuwa za kuku, majivu yalikuwa ya kusugulia sufuria, na kila alipopika wali alirudisha kiganja kimoja cha mchele ndani ya chungu kilichokaa nyuma ya mlango. "Akiba haiozi," alituambia, nasi tulinong'ona kwamba na njaa yetu haiozi. Lakini mgeni akitokea bila taarifa, ni chungu kile kilichopikwa, na sahani yake ilijaa hadi ikawa na kilima. Tulibana ili tuwe na cha kutoa. Sisi watoto tuliona kubana tu.

Jirani yetu alikuwa Mama Ramazani. Wao walikuwa Waislamu, sisi watu wa misa, na kati ya majiko mawili kulikuwa na kinjia kilichokanyagwa hadi hakikuota tena jani. Kwenye kinjia hicho lilipita bakuli jeupe la bati lenye ua jekundu. Lilikuwa lake, ingawa lilikaa kwetu kama lilivyokaa kwao. Likija na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, lilirudi na mihogo. Likija na wali wa Idi, lilirudi na ndizi za Noeli. Mama hakuruhusu liguse nyama ya nguruwe hata siku moja, na lilikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Mimi na Salima, binti wa Mama Ramazani, ndio tuliolibeba, na kila tulipokutana katikati tuliliweka chini kwanza tukacheza nzango, tukipiga makofi na kurusha miguu hadi chakula kikapoa na tukaitwa kwa ukali kutoka pande zote mbili.

Msimu mmoja baba aliugua tumbo. Mama Ramazani akaleta bakuli limejaa samaki wakavu waliopikwa kwa mawese, akasema mgonjwa apate nguvu. Baba alikula vizuri. Usiku ule ule tumbo likamzidi, na asubuhi wajomba wakamfunga juu ya baiskeli wakamsukuma hadi hospitali ya Kasongo. Mpunga wetu wote uliuzwa ili apasuliwe. Hata chungu cha nyuma ya mlango kilikauka.

Bakuli likabaki kwetu. Mama alilisugua kwa majivu hadi likang'aa, akalitundika kwenye msumari wake, na kila asubuhi alilitazama. Nilimwambia tuweke lengalenga za uwanjani, maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba hata majani yanatosha.

"Kwa samaki ya mugonjwa?" alinijibu. "Mutu analeta samaki, weye unamurudishia majani? Ngoja tupate kitu."

Hatukupata kitu. Mama akaona haya, akaanza kuteka maji mtoni, kwa njia ya mbali ili asipite mbele ya jiko la jirani. Nami nilikatazwa kwenda kwa Salima mikono mitupu.

Sasa fikirini watu waliona nini. Baba amekula chakula cha Mama Ramazani, tumbo limemzidi, bakuli limezuiliwa, mkewe anakwepa njia. Kijijini kwetu hayo hayahitaji mtu wa kuyaunganisha. Kisimani wanawake walianza kunyamaza Mama Ramazani akifika, na wengine walikataa mihogo yake. Mama hakujua lolote, kwa kuwa alikuwa na njia yake ya peke yake. Yeye alidhani anatunza heshima.

Siku moja mchana tulisikia hodi. Mama alishtuka, maana sauti aliitambua, na mwenye sauti hiyo hakuwahi kupiga hodi kwetu. Siku zote aliingia tu hadi jikoni na kuonja mboga. Mama Ramazani alisimama nje ya uwanja, kitambaa kichwani, macho mekundu. Nyuma ya ua, majirani walikuwa wameshaanza kuchungulia.

"Mama Feza," alimwita mama kwa jina langu, "sema mbele ya watu. Samaki yangu iko na nini? Ni miye nilitaka kuua bwana yako?"

 Mama aliingia ndani, akatoka amelikumbatia bakuli kifuani, analia.

"Haiko na kitu, dada yangu. Ni hiyo tu. Nilisikia haya kuirudisha mutupu."

Mama Ramazani alimtazama, kisha akacheka hadi akakaa juu ya kinu. Alicheka na machozi yanamtoka. "Kwa hiyo miye ninaitwa mulozi juu ya bakuli!" Akanyoosha mkono. "Bon. Nipe maji ya kunywa. Weka mu ile bakuli."

Mama akateka kwenye mtungi. Mama Ramazani akanywa nusu, akamrudishia, na mama akanywa iliyobaki yote, amesimama katikati ya uwanja, majirani wakitazama. Maneno ya kisimani yaliishia pale. Baba alirudi na kovu lake, akaishi hadi kuona wajukuu. Na mama akaongeza sheria moja kwenye sheria zake: "Asante haingoji mboga."

Siku hizi tuko Kasongo, na wazee wetu hao wamelala. Vijana wetu wanashukuru kwa simu, vimikono viwili vilivyobanwa pamoja, kisha wanaendelea na mambo yao. Siwalaumu sana, angalau wanashukuru upesi.

Bakuli bado liko, limebanduka pembeni, nalo linapita kati yangu na Salima. Kwenye Idi iliyopita nilimpelekea wali na kuku. Halijarudi. Mumewe ameletwa kutoka machimbo ya Salamabila na mguu uliovunjika, na Salima siku hizi akiniona sokoni anapitia upande wa pili. Binti yangu ananiambia, "Mama, acha tu, bakuli za plastiki zimejaa soko."

Leo asubuhi nimekwenda. Sikupiga hodi. Niliingia hadi jikoni, nikakaa juu ya kinu, nikamwambia, "Salima, nipe maji ya kunywa. Weka mu ile bakuli."