Mzee Aliyeitwa Kujaribu Mwongozo

Kazi ya Martina watu wa kwao Mtinko hawakuielewa. Katika ofisi ya vyumba viwili mjini Singida, aliandika miongozo ya programu za kompyuta. Mafundi wakimaliza programu, yeye huijaribu na kuandika hatua za kufuata, Dina hupiga picha za skrini, na Stanley, mkuu wao, hukata maneno ya ziada. Mwisho huitwa mtu asiyeijua kabisa, akapewa mwongozo, nao wakakaa pembeni kumtazama. Kumsaidia ni marufuku. Pale anapokwama ndipo mwongozo ulipokosewa.

Safari hii programu ilikuwa ya makarani wa maghala ya alizeti. Karani aliyeahidi kuja akaghairi. Mzee Melkizedeki, baba yake Martina, aliyewahi kushika ghala la kijiji, alikuwa amekuja mjini kumtembelea. Lakini Stanley hakutaka ndugu za wafanyakazi, maana huenda wamefundishwa nyumbani. Martina akamwambia amepata mzee mmoja tu wa kijijini.

"Baba, ukifika ofisini usinijue," Martina alimwambia asubuhi.

Mzee alimtazama kidogo. "Haya, mama."

Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Martina akamwamkia shikamoo kama mtu baki.

Ukurasa wa pili ulisema: Ingia kwenye akaunti yako. Mzee akasoma kwa sauti, akageukia mlango wa chumba cha ndani, akaanza kuinuka.

"Niingie huku?"

Dina akaziba mdomo, kicheko kikamtoka puani. Stanley naye akatabasamu huku akiandika. "Endelea tu, mzee."

Sentensi ile aliiandika Martina mwenyewe. Akainamisha uso. Mzee akaketi, akabonyeza huku na kule, jasho likimtiririka. Kila akikwama alimtupia jicho binti yake, kisha akakumbuka na kutazama pembeni. Martina akampelekea maji.

"Asante, dada," akasema mzee.

Martina akarudi kwenye kiti chake.

Mzee hakuuvuka ukurasa ule. "Mnisamehe, vijana. Nimewaharibia kazi."

Jioni, stendi, mzee akisubiri basi la kurudi Mtinko, Martina alimshika mkono. "Baba, nisamehe."

"Ulisema nisikujue. Kuna mahali nilikosea?"

Hakuwa anamsuta, aliuliza kweli. Martina akakosa pa kuweka uso wake.

Kesho yake alimweleza Stanley yote. Stanley akamwambia aandike upya ukurasa ule, aonyeshe kitufe chenyewe. Dina, macho yamemwiva, aliomba namba ya mzee amtake radhi. Martina hakumpa. Alijua nani alipaswa kupiga kwanza.

Alipiga Jumapili. Akapokea mama.

"Baba yako katoka kidogo. Anasema huko kwenu walimpokea vizuri mno."

Martina alifungua kinywa aseme ukweli, akajikuta anauliza kama mvua imenyesha.